Mjukuu wa Manamba kwenye Tamasha la Waandishi wa Kigiriki

Kila ninapowasimulia wenzangu wa hapa Melbourne, Watanzania, Wakongo na Warundi, habari za tamasha la waandishi wa Kigiriki nililohudhuria mwezi Juni mwaka 2012, swali la kwanza huwa moja: fedha walizipata wapi? Wanataka kujua nani alilipia ukumbi, nani aligharamia wageni, serikali ilitoa kiasi gani. Ninaelewa kwa nini wanauliza. Jumuiya zetu zimezoea kuchangishana kwa ajili ya misiba na harusi, na kila tukikaa kikao fedha ndiyo ajenda ya kwanza na ya mwisho. Lakini jambo hili nimelibeba moyoni miaka mingi sasa na jibu langu halijabadilika. Wagiriki wa Melbourne hawakuanza na ukumbi. Walianza na karatasi, na karatasi hizo walizitunza kwa muda unaokaribia karne moja kabla ya kumwita mtu yeyote kwenye tamasha.

Tamasha lenyewe liliitwa Antipodes. Lilikuwa la kuwaenzi waandishi wenye asili ya Kigiriki wanaoishi ughaibuni, na walioliandaa ni Jumuiya ya Wagiriki ya Melbourne. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1897, Wagiriki wakiwa bado wachache sana katika mji huu. Mwaka 1916, wakati Ulaya inaungua kwa vita, kitabu cha kwanza cha Kigiriki kuchapwa Australia kilitoka Sydney, kikieleza maisha ya huku na kuonyesha Wagiriki waliokwisha kufungua maduka na migahawa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoivunja Ugiriki, Australia na Ugiriki zilitiliana saini mkataba wa uhamiaji mwaka 1952, na watu wakaanza kumiminika kwa meli. Wengi walipokewa kwanza katika kambi ya Bonegilla, huko mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales, kisha wakatawanywa viwandani, kwenye mashamba na kwenye reli. Mwaka 1957 gazeti la Neos Kosmos likaanza kutoka hapa Melbourne, na hadi leo linatoka, kwa Kigiriki na kwa Kiingereza. Mwaka 1970 watu waliopenda fasihi na sanaa waliunda chama chao, na kuanzia mwaka 1974 chama hicho kikawa na jarida lake la lugha mbili, ambalo nalo huitwa Antipodes. Kisha mwaka 1992 mhadhiri mmoja wa masomo ya Kigiriki, Helen Nickas, alianzisha Owl Publishing ili vitabu vya waandishi wa Kigiriki wa Australia vipate mahali pa kutokea.

Hesabu mwenyewe. Kutoka jumuiya hadi tamasha ni miaka 115. Ukipeleka macho kwenye ukumbi peke yake, utakosa kuona wale watu wa kiwandani waliorudi nyumbani usiku wakala, wakaoga, wakakaa mezani kuandika shairi la kupeleka gazetini.

Mimi niliyajua haya kupitia kazi. Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, zamu za usiku, na wakazi wengi walikuwa Wagiriki waliokuja kwa meli katika miaka ya hamsini na sitini. Wanawake waliokuwa wameshona nguo kwa malipo ya kila kipande, wanaume waliokuwa wamefunga milango ya magari kiwandani. Wengine walikuwa wamepata ugonjwa wa kusahau, na ugonjwa huo huondoa kwanza kile ulichojifunza mwisho. Kiingereza kilikuwa kimewatoka, wamebaki na Kigiriki cha vijijini kwao. Nilijifunza kuuliza kwa lugha yao kama wana kiu, kama wanaumwa, kama wanasikia baridi. Binti wa bibi mmoja alikuwa anakuja jioni kumsomea mama yake mashairi, na bibi huyo, ambaye mchana kutwa hakusema neno, alikuwa anamalizia mistari. Siku moja binti akaniambia kutakuwa na tamasha la waandishi wao, akaniuliza kama ningependa kwenda. Nadhani alishangaa nilivyokubali haraka.

Juni hapa ni majira ya baridi. Nilifika nimejifunga skafu hadi puani. Kulikuwa na vikao vya Kigiriki na vikao vya Kiingereza, na watu walikuwa wakihama kutoka kimoja kwenda kingine, wazee wakiwa wameshikiliwa mkono na wajukuu. Mimi nilikaa zaidi kwenye vya Kiingereza, ingawa niliingia pia kimoja cha Kigiriki na nikakaa hadi mwisho bila kuelewa isipokuwa maneno ya maji, baridi na mama. Sikujuta. Nilikuwa natazama nyuso za wasikilizaji. Kulikuwa na akina mama wa umri wa wakazi wangu wa usiku, na walikuwa wamevaa kama wanaokwenda kanisani siku ya Pasaka.

Kilichonishika kwanza ni meza za vitabu. Nilitarajia vitabu vinene vyenye majalada ya kung'aa. Vilikuwapo, lakini vingi zaidi vilikuwa vyembamba, vya kurasa sitini au themanini, vilivyochapwa kwa fedha za mwandishi mwenyewe au kwa mchango wa watu wa kijiji chake. Mashairi ya mpishi wa mgahawa. Kumbukumbu za mtu aliyefanya kazi ya kulaza mabomba ya maji. Historia ya kijiji kimoja kisiwani, imeandikwa na mtu ambaye hakukiona tena kijiji hicho. Mtu mwenye elimu kubwa angeweza kuvipita vitabu hivyo. Waandaaji hawakuvipita, viliwekwa meza moja na vya waandishi waliokwisha kupata tuzo. Hilo nililiona kuwa tendo la heshima kubwa, na ndilo ningependa kuliona siku sisi tutakapoandaa la kwetu.

Suala lililokuwa likizungumzwa sana, vikaoni na kwenye foleni ya chai, ni la lugha. Mwandishi wa ughaibuni aandike kwa lugha ipi? Wagiriki wana majibu mengi kwa sababu wana watu wengi waliolijibu kwa maisha yao. Nilivyoanza kusoma baadaye niliwaona mmoja mmoja. Dimitris Tsaloumas, wa kisiwa cha Leros, alifika Australia mwaka 1952, akawa mwalimu wa shule, na akaendelea kuandika mashairi kwa Kigiriki. Ilipofika mwaka 1983 mashairi yake yakatolewa kwa lugha mbili, Kigiriki na Kiingereza, na Australia ikagundua kwamba ilikuwa na mshairi mkubwa miaka yote hiyo. Antigone Kefala yeye alizaliwa Romania kwa wazazi wa Kigiriki, akapitia Ugiriki na New Zealand hadi Sydney, na akaandika kwa Kiingereza, lugha yake ya nne. Tuzo ya Patrick White, ya waandishi wa Australia, aliipata mwaka 2022, wiki chache tu kabla ya kufariki. Theodor Kallifatides alihamia Sweden mwaka 1964 na akawa mwandishi mashuhuri wa Kiswidi. Uzeeni kalamu ilimgomea, na aliporejea ndipo akaandika kitabu kwa Kigiriki baada ya miongo ya kuandika kwa lugha ya ugenini. Na Vassilis Alexakis, aliyeishi Paris akiandika Kifaransa na Kigiriki na kujitafsiri mwenyewe huku na huku, aliandika hadi riwaya kuhusu mtu anayejifunza Kisango, lugha ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya kufiwa na baba yake. Hiyo niliposoma habari zake nilisimama kidogo. Mgiriki mwenye huzuni anakwenda kutafuta faraja katika lugha ya Kiafrika, na sisi wenye lugha zetu tunawaambia watoto waongee Kiingereza ili walimu wasilalamike.

Sisemi kwamba hatuna watu. Tunao. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akaandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, alifundisha Bayreuth nchini Ujerumani na aliendelea kutuandikia riwaya za Kiswahili akiwa huko. Abdilatif Abdalla, aliyekwisha kutupa mashairi ya gerezani, alifundisha Leipzig miaka mingi. Hawa wote ni wa ughaibuni. Lakini hao ni maprofesa na washairi wa jina. Ninachokisema ni yule dereva wa teksi, yule mama anayefunga nyama kiwandani, yule mlinzi wa usiku. Wagiriki wana vitabu vya watu hao. Sisi vya kwetu viko wapi?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nje ya ukumbi nikizungumza kwa simu na mwenzangu wa kazini, dada mmoja wa Uvira, Kongo, kuhusu kubadilishana zamu. Nilipokata simu nikasikia nyuma yangu sauti ya mzee ikiuliza kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri: "Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

Niligeuka. Mzee wa Kigiriki, koti zito la sufu, nywele nyeupe, ameshika mfuko wa dukani kifuani kama anayeogopa kuibiwa. Mdomo wangu ulitangulia akili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mtu wa Kilosa."

Tulikaa kwenye kiti kirefu kilichokuwa ukutani, na kikao kilichofuata kikatupita. Alizaliwa Kilosa. Baba yake alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Kimamba, baadaye akanunua hisa. Historia hiyo si ngeni kwa anayeijua nchi yetu. Wagiriki walianza kufika Tanganyika enzi za Wajerumani, wengi kama wakandarasi wadogo kwenye ujenzi wa reli. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mashamba ya Wajerumani yalipopigwa mnada, baadhi yao walinunua. Walikuwa Tanga, Morogoro, Kilosa kwenye mkonge, na Moshi na Arusha kwenye kahawa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, wakati ambao bei yake duniani ilikuwa tayari imeanguka kwa sababu ya kamba za plastiki. Familia ya mzee huyu iliondoka. Ugiriki wenyewe, aliniambia, alikuwa hajawahi kuishi. Kwa hiyo alipofika Melbourne Wagiriki wenzake walimwita Mwafrika.

Kwenye ule mfuko alikuwa na daftari. Alikuwa amelileta akitumaini kumwonyesha mtu wa uchapishaji. Alilifungua magotini na kuanza kunisomea, akitafsiri papo hapo kutoka Kigiriki chake kwenda Kiswahili chake. Alikuwa ameandika ving'ora vya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, alfajiri, harufu ya majani ya mkonge yaliyosagwa, maji ya kijani yaliyotiririka kwenye mifereji. Singa, yaani nyuzi za mkonge, nyeupe zilizoanikwa kwenye kamba hadi macho yanauma. Yaya wake, jina lake na kijiji chake. Mpishi, jina lake, na namna alivyokuwa akipika kuku. Treni ya Kigoma inayopita. Sikuwahi kusikia mtu yeyote, Mtanzania wala mgeni, akisimulia shamba la mkonge kwa undani kama ule.

Nikamuuliza wafanyakazi walitoka wapi. "Wengi Waha," akasema. "Wengine Wabena, wengine Wanyamwezi. Waha walikuwa wanaimba sana."

Nikamwambia: "Mzee, babu yangu alikuwa Muha wa Kasulu. Alikata mkonge Kilosa."

Alilifunga daftari. "Jina lake nani?"

Nikamtajia. Alifikiri muda mrefu, na niliona kwamba alikuwa anatafuta kweli, hakuwa anafanya adabu. Kisha akasema: "Majina ya watu wa kambini sisi watoto hatukuyajua. Baba alikuwa na kitabu cha mishahara. Humo kulikuwa na namba."

Wasomaji wenye umri wanajua manamba ni nani. Kwa vijana, nieleze kwa kifupi. Walikuwa vibarua wa mkataba walioajiriwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, hata ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji, wakaletwa kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuwakusanya, SILABU, na watu wa Kigoma walipakiwa kwenye treni na kushushwa huko mashariki. Walilala kambini, walipewa posho, na walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuhesabiwa. Kipande kikijaa ndipo unalipwa. Babu yangu aliishi hivyo katika ujana wake, akarudi Kasulu na baiskeli na kifua kilichokohoa hadi alipofariki. Hayo mawili, baiskeli na kikohozi, ndiyo karibu yote ambayo familia yetu inayajua kuhusu miaka yake ya Kilosa.

Sikumkasirikia yule mzee. Alikuwa mtoto, na alichokiona alikiandika kwa upendo na kwa uangalifu. Lakini nilirudi nyumbani kwa tramu nikiwa na uzito ambao bado ninao. Watu wawili walikuwa kwenye shamba moja, au mashamba jirani, miaka ile ile. Mmoja ana daftari, na ana watu wake waliomjengea mahali pa kulipeleka daftari hilo. Mwingine hana hata ukurasa. Na si kwamba babu hakuwa na maneno. Kila anayemkumbuka anasema alikuwa msimuliaji, watu walikuwa wanakusanyika kwake jioni. Hakujua kusoma, hilo ni kweli. Lakini watoto wake walisoma. Baba yangu aliandika barua nzuri sana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba masimulizi ya manamba ni kitu cha kuandikwa, na hakukuwa na jarida, shindano, wala meza ya vitabu ya kumfanya afikiri hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya tamasha. Nilikuwa nadhani tamasha ni sherehe ya waandishi. Kumbe ni ahadi kwa mtu ambaye bado hajaandika. Anapopita kwenye zile meza na kuona kijitabu cha mlaza mabomba, anaambiwa kwamba cha kwake nacho kina nafasi.

Mwaka uliofuata tulianza kitu chetu, wanawake wachache, bila jina na bila katiba. Tunawafuata wazee wetu majumbani na kuwarekodi kwa simu. Hapa Melbourne tunao wazee Waswahili wenye maisha mazito: Wakongo wa Fizi na Uvira, Warundi waliokimbia mwaka 1972, watu waliozeeka katika kambi za Kigoma kama Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Wengi wao wanalelewa na wajukuu ambao Kiswahili wanakisikia tu na kujibu kwa Kiingereza. Nikiwatazama ninawaona wale wakazi wangu wa usiku miaka ishirini mbele, lugha ya pili imewatoka, wamebaki na ya kwanza, na hakuna wa kuwamalizia mstari.

Niseme kidogo tulivyojifunza kufanya, kwa sababu kuna wenzetu Toronto, Muscat, Minnesota wanaoweza kufanya hivyo hivyo kesho asubuhi.

Mzee ukimwambia "nisimulie maisha yako" atakujibu kwamba maisha yake hayana kitu. Akina mama ndio hasa husema hivyo. Muulize habari ya kitu. Walipikia nini njiani? Chumvi ilipatikana wapi kambini? Nani alikuwa na redio? Mama mmoja aliyekuwa amegoma kabisa kuzungumza aliulizwa habari ya kitenge alichokuwa amevaa siku ya kuvuka ziwa Tanganyika. Alizungumza hadi usiku, na tulilazimika kulala kwake.

Majina yaandikwe. Hili nalisisitiza kuliko lolote, na msomaji anajua kwa nini. Kila mtu anayetajwa kwenye masimulizi, tunarudi kumuuliza mzee jina lake, la baba yake, na kijiji. Mnyapara, mwenye mtumbwi, mkunga, jirani wa hema. Hata kama mzee anakumbuka jina la utani tu, liandikwe hilo hilo.

Kiswahili cha mzee kisisahihishwe. Juu ya hili tumebishana sana, na baadhi ya walimu wa Kiswahili tuliowaomba msaada wa kuhariri hawakukubaliana nami. Walitaka maandishi yawe sanifu ili vijana wasijifunze makosa. Mimi nasema mzee wa Fizi anaposimulia kwa Kiswahili cha Fizi hafanyi kosa lolote, anazungumza lugha yake. Ukimgeuza azungumze kama mtangazaji wa Dar es Salaam umemwandikia mtu mwingine. Tunaweka maelezo ya maneno magumu pembeni, basi. Wagiriki nao wana visiwa na lahaja zao, na vile vijitabu vyembamba vilikuwa na lahaja hizo ndani yake bila aibu.

Na wajukuu waingizwe tangu mwanzo, hata kama hawajui kuandika Kiswahili. Wao ndio hutafsiri kwenda Kiingereza. Tunaweka kurasa mbili zikitazamana, upande huu maneno ya bibi, upande ule ya mjukuu. Wazo hilo nililichukua waziwazi kutoka kwa Wagiriki. Sensa ya Australia ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu 420,000 wenye asili ya Kigiriki, lakini wanaozungumza Kigiriki nyumbani ni karibu 230,000. Kama watu wenye shule za Jumamosi, magazeti na makanisa ya kila mtaa lugha yao imepungua namna hiyo, sisi tusijidanganye kwamba muziki na WhatsApp vitatosha. Kijana mmoja wa Dandenong, kitongoji cha hapa Melbourne, alikuja kututafsiria masimulizi ya bibi yake kwa sababu mama yake alimlazimisha. Sasa anamtembelea bibi peke yake, na anabishana naye kuhusu maana ya sentensi.

Yule mzee wa Kilosa tuliendelea kuwasiliana. Nilikuwa nampigia, anafurahi kuzungumza Kiswahili, ananiuliza bei ya mchele Morogoro kana kwamba nimetoka huko jana. Alifariki bila daftari lake kuchapwa. Baada ya mazishi binti yake alinitumia nakala za kurasa za Kilosa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe, na barua fupi. Aliandika kwamba kuna ukurasa mmoja ambao ameshindwa kuutafsiri kwa sababu herufi ni za Kigiriki lakini maneno si ya Kigiriki.

Niliomba msaada wa mtu anayejua kusoma herufi hizo. Alinisomea taratibu, silabi kwa silabi, nami nikaandika kwa herufi zetu. Yalikuwa maneno ya Kiha. Mzee alikuwa ameandika wimbo aliousikia utotoni kutoka kambini, bila kujua maana yake, kwa herufi pekee alizokuwa akizijua. Mimi Kiha changu ni cha kusikia, kwa hiyo nilimpigia simu baba mdogo Kasulu na kumsomea. Mistari mingine hakuitambua kabisa. Pengine mtoto alisikia vibaya, pengine miaka iliharibu, pengine ni mimi niliyesoma vibaya. Lakini mistari mitatu aliishika. Alisema ni maneno ya watu wanaotembea safari ndefu wakiwataja mama zao. Akaniomba nirudie. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza: kwamba babu alipokuwa akikata kuni alikuwa anaimba wimbo wenye mwendo kama huo, na bibi alikuwa anamkataza, akisema asilete habari za mkonge nyumbani kwake.

Sijui kama ni wimbo ule ule. Siwezi kudai hivyo na sitadai. Ninachokijua ni kwamba kwa mara ya kwanza tumepata kitu kutoka kambini, na tumekipata kwa sababu mtoto wa msimamizi aliandika, na kwa sababu alikuwa na mahali pa kulipeleka daftari lake mchana ule tulipokutana.

Ninaendelea kukusanya habari za manamba waliofanya kazi Kilosa, Kimamba na mashamba ya jirani, hasa Waha na Warundi waliofika katika miaka ya arobaini na hamsini. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa huko, au mjane wake, au mtoto aliyezaliwa kambini, mkalie chini wiki hii. Muulize walishukia kituo gani cha treni na walitembea muda gani hadi shambani. Nani alikuwa mnyapara wao, na alitoka wapi. Nani alifariki huko na alizikwa wapi. Waliimba nini asubuhi na nini usiku. Kama bado wana kipande cha zamani kwenye sanduku, kipige picha pande zote mbili. Na anapokuimbia, usimkatishe kumuuliza maana. Rekodi hadi amalize, kisha mwombe aanze upya polepole, uandike.